Mrejesho: kulala Circus Circus, Las Vegas, na watoto

Wakuu, niliwauliza kama Circus Circus, hoteli yenye kasino na sarakasi, panafaa kwa familia yenye watoto na bajeti ndogo. Tumerudi salama, asanteni sana mlionijibu.

Panafaa. Wanangu walitekwa na sarakasi: watu wanaruka hewani juu ya ukumbi wa michezo ya watoto, na kutazama ni bure. Adventuredome, bustani ya michezo ya hoteli hiyo iliyofunguliwa 1993, iko ndani chini ya paa la vioo, kwa hiyo jua la Nevada halikupati. Chukueni pasi ya siku nzima. Kulipia mchezo mmoja mmoja kunamaliza hela upesi.

Bei ya chumba angalieni jumla yake. Kama hoteli nyingi za Strip, barabara maarufu ya mahoteli na kasino, kuna ada ya kila usiku na kodi juu.

Kasino mtaipita tu. Umri wa kucheza kamari ni miaka 21; mtoto anapita na mzazi bila kusimama kwenye mashine. Kasino nyingi za Nevada watu huvuta sigara ndani, kwa hiyo mwenye mtoto wa pumu afikirie sana hilo kabla ya kulipa. Sisi tutarudi, Mungu akipenda.