Maji yanatoka kwenye taa za chumba cha baridi, mafundi wamenishinda. Ushauri wakuu

Mzigo wa Alfajiri (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga, nina chumba cha baridi cha kuhifadhia pweza na kamba wakati nasubiri gari la mzigo. Kuta ni zile paneli za bati pande zote na povu katikati, ndani tunashusha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi inashika vizuri, mashine sina lawama nayo. Tatizo ni maji. Taa za ndani zikiwaka kidogo tu zinaanza kudondosha. Kibokisi cha maungio ya nyaya kilicho juu ya mlango kwa ndani, ukikifungua unakuta barafu imejaa hadi nyaya hazionekani. Na paipu ya chuma inayopitisha nyaya kutoka nje, pale inapoingia ukutani, inatoka jasho usiku na mchana mpaka sakafu ya nje haikauki.

Fundi mmoja alisema paa linavuja. Tumepanda, paa zima kabisa. Mwingine akanibadilishia taa, zimerudi kulekule. Huyu niliye naye sasa anataka atoboe matundu chini ya vibokisi vyote maji yapate pa kutokea, kisha apige povu la kopo kwa ndani paipu inapotokeza. Hela ya vifaa nimeshampa. Swali langu ni dogo tu: hayo matundu yawe na ukubwa gani? Nawasilisha.

Kobe Mzee
Pole mkuu. Kabla ya matundu, pweza huko mnanunua kilo bei gani siku hizi? Nina mtu anatafuta mzigo wa uhakika.

Mwana wa Pwani ya Kusini
Vyumba vya umeme vinatia watu umaskini. Sisi huku barafu ya mabonge na kasha zuri, samaki anafika sokoni macho yanang'aa. Marehemu baba yangu alilea watoto wote kwa kasha la mbao alilolitandika maganda ya mchele. Hakuna taa, hakuna fundi. Fikiria upya biashara yako kijana.

Fundi Nyamagana
Mleta mada, nimefanya kazi miaka mingi kwenye vyumba vya kugandishia minofu ya sangara hapa Mwanza, ngoja nikueleze. Hayo maji hayatoki juu ya paa. Yanatoka kwenye hewa ya Tanga, na njia yake ni ndani ya paipu yako.

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 imebeba karibu gramu 24 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Hewa hiyohiyo ukiishusha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kubaki na gramu moja hivi. Zilizobaki lazima zidondoke mahali au zigande. Paipu yako ina mdomo mmoja nje kwenye joto na mwingine ndani kwenye baridi, na katikati ni uwazi mtupu. Kila ukifungua mlango hewa ya moto inaingia, ukifunga inapoa na kusinyaa, chumba kinavuta. Kinavuta wapi? Kwenye tundu lolote lililo wazi, na paipu ni tundu. Mvuke unaingia nayo, unafika kwenye kibokisi, unakuwa barafu. Taa ikipata moto, barafu inayeyuka.

Jasho la nje ni jambo la pili. Chuma kinapitisha baridi. Hewa ya namna hiyo inaanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi kama 26, na chuma chako pale ukutani kina baridi kuliko hapo kwa mbali sana.

Sasa nijibu mawili. Paipu ina kitu chochote ndani yake zaidi ya nyaya? Na ile RCD, ya kukata umeme ukivuja, inasemaje? Umeeleza barafu juu ya maungio ya nyaya na hujagusia umeme kukatika hata mara moja.

Mzigo wa Alfajiri
Ahsante sana mkuu. Ndani ya paipu kuna nyaya tu. RCD haina shida. Kwa hiyo matundu milimita 6 yanatosha au niende 10?

Mama Shadya
Assalam aleikum. Mimi nipo Muscat, na haya yametupata bila hata chumba cha samaki. Joto la hapa Julai mnalisikia tu, na unyevu wa bahari juu yake. Nyumba tuliyopanga mwanzo, kipoozi kinawaka mchana kutwa, swichi za chumba cha watoto zikawa zinalia maji. Ukigusa ukuta ni mkavu, swichi imelowa. Mume wangu akasema ni bomba la bafu limepasuka, nusura avunje ukuta. Akaja mzee mmoja wa Kerala, akatazama juu ya dari, akaonyesha paipu za nyaya zinashuka kutoka kwenye paa wazi kabisa. Hewa ya moto ya paani inateremka ndani ya paipu mpaka kwenye swichi ya chumba chenye ubaridi. Akaziba midomo ya juu kwa ule udongo laini wa mafundi usiokauka. Mpaka tunahama hatukuona tone tena. Mdogo wangu, ziba juu kunakotoka joto, usihangaike na chini yanakotokea maji.

Theluji Hadi Magotini
Mama Shadya kasema kweli, ila huku Minnesota ni kinyume chake. Januari ndani kuna joto, nje unapumua barafu. Hewa ya ndani inapanda kwenye paipu ya umeme inayotoka nje, inapoa humo, maji yanarudi chini hadi kwenye kabati la breka. Nilidhani ni mvua, na mvua hakuna, ni theluji tupu! Hapa tunaziba mdomo wa ndani, kwa sababu ndiko joto liliko. Kanuni za umeme za Marekani zina kifungu kabisa, 300.7, kwamba paipu ikipita kati ya sehemu za joto tofauti na umande unaweza kutokea, izibwe. Mvuke huanzia kwenye joto kwenda kwenye baridi, popote ulipo duniani.

Kobe Mzee
Sasa nyie wa Minnesota pweza mnakula?

Fundi Nyamagana
Mleta mada, "haina shida" maana yake haikati, au haipo?

Fundi Nyamagana
Nasubiri jibu. Mengine yote yanategemea hilo.

Mzigo wa Alfajiri
Sawa, nieleze. Ilikuwa inakata. Inakata usiku wa manane, mashine inazima, asubuhi unakuta mzigo umelegea. Mzigo ukilegea mnunuzi anashusha bei au anakataa kabisa, na mimi wavuvi nimeshawalipa taslimu. Fundi akasema tuipite pembeni kwa muda wakati tunatafuta chanzo. Tangu hapo baridi haijakatika. Kijana wangu aliwahi kusema mpini wa mlango unamtekenya akiwa na mikono mibichi, nikamnunulia mabuti ya mpira na hajalalamika tena. Naomba msinihukumu. Hakuna anayeweka mtaji wa familia kwenye pweza halafu akapenda hasara. Ndiyo maana nataka matundu, maji yakitoka umeme hautavuja, na RCD itarudi.

Dada wa Makorora
Mpini UNAMTEKENYA halafu unamnunulia mabuti? Huyo kijana ana mama yake. Mimi mdogo wangu alishika mlango wa jokofu la dukani akiwa pekupeku, tulimzika kesho yake. Zima hicho chumba sasa hivi, usisubiri fundi.

Mwana wa Pwani ya Kusini
Hiki ndicho nilichosema tangu mwanzo. Tamaa. Vijana wa leo mnataka utajiri wa usiku mmoja. Kasha halimtekenyi mtu.

Jicho la Tatu
Wakuu mnapigwa chai. Akaunti imefunguliwa wiki hii, uzi wake wa kwanza una nyuzi joto, aina ya paneli, kila kitu. Mtu anayejua kupanga maelezo hivyo ashindwe kujua RCD ni ya nini? Subirini, kesho itakuja akaunti nyingine na "kuna povu la kopo limenisaidia, njoo inbox". Nimeona matangazo ya namna hii ya dawa za mba, ya mbegu za papai, sasa yamefika kwenye povu.

Kobe Mzee
Hata mimi nilishangaa, nimeuliza bei ya pweza tangu mwanzo mtu wa pweza hajibu.

Mlinzi wa Zamu
Na amesema "kachelewa gari". Pweza wa kugandisha unasubiri gari wa nini?

Dada wa Makorora
Hakuna alipoandika "kachelewa gari", someni vizuri. Kama ni chai basi yaishe, kama si chai kuna mtoto wa mtu anafungua ule mlango kesho asubuhi.

Mzigo wa Alfajiri
Sina povu la kuuza. Pweza mbichi nachukua elfu tisa hadi kumi kwa kilo kutegemea ukubwa, haya nimejibu. Nimepiga picha kibokisi, naiweka hapo chini. Barafu hiyo.

Fundi Nyamagana
Nimeiona picha. Jicho la Tatu, mtu akitunga atasema maji yanavuja ndani. Huyu alitaja barafu ndani, jasho nje, na sakafu mbichi kwenye paipu ya chuma. Hayo matatu pamoja huyatungi, unakuwa umeyaona.

Mleta mada, sikiliza kwa utaratibu. Kwanza dada hapo juu amesema sahihi: zima, RCD irudishwe, na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, wa mlango na paneli upimwe. Mpini kutekenya maana yake bati lote la chumba lina umeme na ethi haipo au imekatika. Buti linamsaidia yeye peke yake, na siku akiingia mwingine bila buti je?

Matundu sahau. Tundu linatoa maji lakini halizuii mvuke kuingia, tena unapoosha chumba kwa mpira unayapitisha maji humohumo. Povu kwa upande wa ndani ni baya zaidi, kwa sababu unaziba upande wa baridi na kuacha mdomo wa joto wazi. Mvuke utaingia mpaka katikati ya ukuta na kuganda huko usikokuona.

Kinachofanyika ni hiki. Ile paipu ya chuma ikatwe nje ya ukuta, kipande cha kuvuka paneli kiwe cha plastiki, na waya wa ethi uvutwe peke yake kwa sababu chuma hakiungani tena. Nje, karibu kabisa na ukuta, weka kibokisi cha kuzibia. Hapo sukuma pamba ya nyuzi kidogo kama kizuizi, kisha jaza ule udongo wa kuzibia usiokauka, ukizunguka waya mmojammoja, siyo kuupaka juu ya fungu la nyaya. Mwanya kati ya paipu na bati uzibwe kwa silikoni upande wa nje. Chukua silikoni isiyonuka siki, inayonuka siki inakula shaba na bati. Paipu ya nje iinamie mbali na ukuta. Na kabla hujaziba, yeyusha barafu yote ukaushe, usije ukafungia maji ndani.

Na mwangalie fundi asipitishe waya wa PVC ukigusana na zile povu nyeupe za chengachenga. Zinanyonya ulaini wa waya, baada ya muda ganda linakuwa gumu na kupasuka. Fundi wako ana leseni ya umeme ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji?

Mzigo wa Alfajiri
Leseni sijamuuliza. Ni jirani, ameshanunua makopo ya povu kwa hela yangu. Hayawezi kutumika hata nje?

Fundi Nyamagana
Mwanya mpana kati ya paipu na paneli, sawa, kisha silikoni juu yake. Ndani ya paipu hapana, siku ukitaka kuvuta waya hautoki.

Jicho la Tatu
Haya, nimenyamaza. Ila kama kesho ikitokea namba ya simu mtanikumbuka.

Mzigo wa Alfajiri
Mrejesho wakuu. Mzigo nimeuhamishia kwa mtu mwenye nafasi, kwa kulipia. Ethi ya mlango ilikuwa imekatika kwenye skrubu, imefungwa. Paipu imekatwa na kuzibwa nje kama ulivyoelekeza, na fundi mwingine ndiye aliyefanya. Vibokisi vimekauka, taa zimekauka, nje sakafu imeanza kukauka. RCD tumerudisha. Lakini saa tisa usiku imekata tena! Sasa kama maji hayapo, inakata kwa nini? Hapa ndipo najiuliza kama nisingeiacha ilivyokuwa.

Fundi Nyamagana
Usiipite pembeni tena. Saa tisa usiku mashine yako inafanya nini? Tazama saa ya kuyeyusha barafu, ile inayowasha hita za kwenye koili, yale mabomba ya kupoozea yaliyo ndani ya chumba.

Mzigo wa Alfajiri
Imewekwa saa tisa usiku na saa tisa mchana.

Fundi Nyamagana
Basi hita. Hita za koili zikizeeka zinaingiza unyevu ndani ya ganda lake na kuvujisha umeme zinapowaka. Zima, toa nyaya za kila hita, pima moja moja kwa mega, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, ya volti 500 kwenda kwenye ethi. Itakayosoma chini ya megaohmu moja usiirudishe. Andika hapa umepata ngapi.

Kobe Mzee
Elfu tisa kwa kilo nachukua. Ukimaliza kupima nijulishe.