Kuwaandaa binti zetu kwa shahada ya uzamivu ya hisabati

Kutoka: Mama, Columbus, Ohio

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Naomba ushauri wenu juu ya mabinti wawili. Binti yangu wa kuzaa, mwenye kadi ya kijani, anamaliza shahada ya kwanza ya hisabati hapa Ohio mwezi Mei. Binti wa kaka yangu alimaliza yake Tanzania mwaka jana kwa GPA ya 4.2 kati ya 5, na sasa yuko Morogoro akifundisha tuisheni. Wote wawili wanataka uzamivu. Mhadhiri mmoja amemwambia huyu wa kwangu kwamba bado hajaiva, na mimi niliye muuguzi siwezi kujua kama hilo ni neno la kitaalamu au ni dharau. Je, ipo njia ya kumwivisha mtu baada ya shahada ya kwanza, au waombe tu na mengine tumwachie Mungu?

Kutoka: Mwanachama, Worcester, Massachusetts

Shikamoo dada.

Yawezekana ni dharau, lakini mara nyingi ni neno la kweli lililosemwa vibaya, na mimi natamani ningeambiwa mapema. Nilifika Marekani nikiwa hodari wa kukokotoa: ukinipa intigrali, jibu linakuja kabla chai haijapoa. Wiki ya pili tulitakiwa kuthibitisha kwamba kila mfuatano wa namba wenye kikomo, yaani namba moja unayoisogelea, una mipaka, yaani hauvuki ukubwa fulani. Nikaandika mifano minne, yote sahihi, nikapata sifuri. Uthibitisho wenyewe ni mfupi: baada ya hatua fulani namba zote zimo ndani ya umbali wa 1 kutoka kwenye kikomo, na zile zilizotangulia zina idadi yenye mwisho, kwa hiyo miongoni mwao ipo iliyo mbali na sifuri kuliko nyingine zote; linganisha umbali wake na umbali wa kikomo kutoka sifuri ukiongezwa 1, na ulio mkubwa ndio mpaka. Hakuna cha kukokotoa, na ndiyo sababu sikuuona. Mitihani ya kufuzu ya miaka ya mwanzo ya uzamivu, hasa ya uchanganuzi (tawi la hisabati linalohusu vikomo) na aljebra, imejaa maswali ya namna hiyo, na ule wa uchanganuzi ulinishinda mara ya kwanza.

Kwa hiyo kuiva kunakozungumzwa ni mazoea ya kuthibitisha, nayo hupatikana kwa mwaka mmoja wa kazi. Kwa binti yako wa Ohio, aulizie kama bado unapokea watu ule mpango uliobuniwa mahsusi kwa hali yake katika chuo cha wanawake cha Smith, Northampton, hapa hapa Massachusetts. Ulianza mwaka 2007 kwa ajili ya wanawake waliokwisha kupata shahada ya kwanza na wanaotaka kuimarika kabla ya kuomba uzamivu. Fedha za serikali kuu kwa mipango ya namna hii kwa kawaida huwalenga raia na wenye kadi ya kijani, na hapo ndipo kadi yake itakapomfaa. Akishapata nafasi ya uzamivu, upo pia mpango wa EDGE, ulioasisiwa mwaka 1998 na Sylvia Bozeman wa chuo cha Spelman na Rhonda Hughes wa chuo cha Bryn Mawr, ambao huwakusanya wanawake majira ya joto, kabla hawajaanza masomo, wakasoma uchanganuzi na aljebra kwa kasi watakayoikuta huko mbele. Manufaa yake si masomo peke yake, kwani katika darasa langu tulikuwa wanawake wawili, na mwenzangu alipoondoka nilikaa muhula mzima bila mtu wa kumwonyesha karatasi yangu kabla ya kuikabidhi.

Binti wa kaka yako asikimbilie Marekani kwanza. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kina stashahada ya mwaka mmoja ya hisabati kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na gharama hulipwa na kituo. Karibu zaidi na nyumbani kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ya Kigali, yenye shahada ya uzamili inayofadhiliwa. Asione kwamba anarudishwa nyuma: Verdiana Masanja, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata uzamivu wa hisabati, alisoma kwanza Dar es Salaam ndipo akaenda Berlin. Na chuo cha Marekani kikimwambia kwamba shahada ya miaka mitatu haitoshi, amhesabie afisa wa udahili: saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, mitatu ya chuo, jumla ni miaka 16, sawasawa na Mmarekani.

Jambo la mwisho ni barua tatu za wadhamini. Niliwahi kusoma barua ya binti mmoja kutoka nyumbani, ikimsifu kuwa mpole, mtiifu na nadhifu, bila neno hata moja kuhusu hisabati. Sidhani kama mvulana angeandikiwa hivyo. Amwombe mwalimu aliyesahihisha kazi yake aeleze ni tatizo gani alilitatua na kwa njia gani.

Kutoka: Mwanachama, Minneapolis

Naongeza moja tu, kwa kuwa mke wangu alipitia huko. Kama binti ameolewa, mume anayekuja kwa viza ya F-2, ile ya mwenzi wa mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi, na posho ya msaidizi wa kufundisha ni ndogo kwa watu wawili. Sisi hatukulizungumza kabla ya safari, na lilitutesa miaka miwili.

Kutoka: Mama, Columbus, Ohio

Marahaba mdogo wangu, na asante kaka. Lile swali la mfuatano nimelituma Morogoro bila jibu. Usiku wa manane amenirudishia picha ya karatasi mbili: ya kwanza ameijaza mifano, kisha ameikata yote kwa mstari mmoja, ya pili ina sentensi nne. Mimi sielewi kitu. Nakutumia wewe, mdogo wangu wa Worcester, uisome.