Arizona: dalali anasema jiji haliwezi kunizuia kupangisha nyumba kwa usiku. Ni kweli?

MamaNeema_PHX

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kabla sijasaini.

Nimepata nyumba ya vyumba 4 yenye bwawa, Scottsdale, nia yangu ni kuipangisha kwa usiku kupitia Airbnb na Vrbo. Dalali anasema sheria ya jimbo imelifunga jiji mikono, kwa hiyo hakuna wa kunizuia. Lakini nikiingia tovuti ya jiji naona leseni, bima, faini, na taarifa kwa majirani. Nani mkweli hapo?

Mengine: nyumba iko ndani ya HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa chenye masharti yake. Nyuma kuna nafasi ya kujenga casita, kile kijumba cha pembeni. Na shemeji yangu aliye Nashville, Tennessee, anataka kununua nyumba ambayo mwenyewe tayari ana kibali cha kupangisha hivyo. Natanguliza shukrani.

Hati_Kwanza

Dada, dalali kakupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoumiza watu.

Sheria anayoisema ni SB 1350 ya mwaka 2016, ilianza kazi Januari 2017. Inazuia miji na kaunti za Arizona kupiga marufuku upangishaji wa muda mfupi. Ndiyo maana Scottsdale haiwezi kusema "mwisho nyumba 500" au "si mtaa huu". Hata Sedona, mji mdogo ambao wafanyakazi wake wanahangaika kupata pa kupanga, haukuwa na uwezo wa kuweka kikomo. Mwaka 2022 ukaanzisha mpango wa kuwalipa wenye nyumba ili wapangishe wafanyakazi wa hapo badala ya watalii. Jiji lenye nguvu ya kuzuia lisingetoa pesa kubembeleza.

Ila mwaka 2022 hiyohiyo ilipita SB 1168, ikairudishia miji sehemu ya meno. Sasa jiji linaweza kukudai:

– leseni, ada isiyozidi dola 250 (Scottsdale inatoza hiyo 250, kila mwaka);
– taarifa kwa majirani kabla hujaanza kuitangaza;
– bima ya dhima ya angalau dola 500,000, au uwe unapangisha kupitia jukwaa lenye bima ya kiwango hicho au zaidi;
– mtu wa dharura anayepatikana saa yoyote, na anayefika mwenyewe polisi au zimamoto wakimtaka;
– namba ya leseni ionekane kwenye kila tangazo.

Ukiomba leseni, jiji lina siku 7 za kazi kukujibu. Wengi wanakwama kwa mtu wa dharura. Anaandikwa ndugu anayeishi jimbo jingine, polisi wanapiga saa 7 usiku, simu inapokelewa, mtu hafiki. Kama huwezi kufika mwenyewe, lipa meneja wa hapohapo, na hesabu malipo yake kabla hujanunua.

Kodi_na_Risiti

Naongezea upande wa kodi, maana watu wanaisahau. Unatakiwa kuwa na leseni ya TPT, yaani ya kodi ya biashara, kutoka idara ya mapato ya jimbo. Ya jimbo yenyewe ni dola 12. Tangu Januari 2019 majukwaa kama Airbnb yanakata kodi hiyo na kuipeleka yenyewe, lakini hilo halikuondolei wajibu wa kuwa na leseni na kuweka namba yake kwenye tangazo. Mgeni akikulipa moja kwa moja, nje ya jukwaa, kodi ni juu yako. Vilevile isajili nyumba kwa mthamini wa kaunti kama nyumba ya kupangisha. Hiyo ni hatua tofauti na leseni ya jiji.

MamaNeema_PHX

Asanteni sana. Bei ninayofikiria ni dola 900 kwa usiku, kwa ajili ya makundi. Faini zinakwendaje? Na jirani akilalamika tu inahesabika?

Hati_Kwanza

Malalamiko peke yake hayahesabiki. Kosa linahesabika pale tu shauri linapofika mwisho na ukaonekana una hatia au unawajibika. Na makosa kadhaa ya tukio moja, tuseme kelele na takataka usiku uleule, kwa upande wa faini yanachukuliwa kama moja.

Kiwango cha juu ndani ya miezi 12: kosa la kwanza dola 500 au bei ya usiku mmoja, la pili 1,000 au ya siku mbili, la tatu 3,500 au ya siku tatu. Kinachochukuliwa ni kilicho kikubwa, na bei inayotumika ni ile uliyoitangaza. Kwa bei yako: la kwanza 900, la pili 1,800, la tatu 3,500 kwa sababu 2,700 ni ndogo kuliko hiyo. Jumla inaweza kufika dola 6,200, na makosa matatu yanatosha kusimamisha leseni hadi miezi 12. Hayo ya kusimamisha hayahusishi mambo madogo kama muonekano wa nyumba au maegesho, isipokuwa yahatarishe afya au usalama.

Kwa nyumba yenye bwawa na makundi, ogopa sherehe zaidi ya yote. Ukiikodisha kama ukumbi wa harusi, jiji linaweza kusimamisha leseni bila kungoja kosa la tatu. Andika kwenye tangazo idadi ya wageni na kwamba hafla haziruhusiwi, na lisimamie hilo.

Wakili_Mtaa

Mkuu Hati_Kwanza kaeleza vizuri ya jiji. Mimi naona hatari kubwa ya huyu dada ni HOA. Sheria ile inafunga mikono ya serikali za mitaa, haigusi HOA. Masharti ya HOA yakisema "hakuna kupangisha chini ya siku 30", biashara imeisha, hata ukiwa na leseni ya jiji mkononi.

Fanya hivi. Ingia tovuti ya msajili wa hati wa Maricopa, kaunti iliko Scottsdale, tafuta kwa jina la mtaa kama lilivyo kwenye ramani ya upimaji, soma masharti ya awali pamoja na marekebisho yote. HOA yenye nyumba 50 au zaidi inatakiwa kukupa hati ndani ya siku 10 baada ya kuarifiwa kwamba nyumba inauzwa. Ikiwa chini ya 50, muuzaji ndiye anayekupa. Usiache siku za ukaguzi kwenye mkataba, zile ambazo bado unaweza kujitoa, zipite kabla hujazisoma.

Kama masharti ya awali hayasemi lolote kuhusu muda wa kupangisha, una nafuu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Arizona, kesi ya Kalway dhidi ya Calabria Ranch, ilisema HOA haiwezi kwa kura ya wengi tu kuingiza kizuizi kipya ambacho hati ya awali haikumpa mnunuzi dokezo lolote la kukitarajia.

Casita: ikijengwa baada ya katikati ya Septemba 2024 na ukataka kuipangisha kwa usiku, jiji linaweza kukutaka uishi kwenye kiwanja hichohicho. Na ukichukua mkopo wa FHA, ule wa nyumba wenye dhamana ya serikali ya shirikisho, unatakiwa kuhamia ndani ya siku 60 na kukaa mwaka. Usimdanganye mkopeshaji kwenye hilo, ni kosa la jinai.

Nash_615

Shemeji asubiri kwanza. Sheria ya Tennessee ya 2018 inamlinda aliyekuwa akipangisha kihalali kabla jiji halijabadili kanuni, lakini ulinzi huo unakufa nyumba ikiuzwa. Kibali cha muuzaji hakihamii kwa mnunuzi. Aulize idara ya mipango ya Nashville kanda ya kiwanja hicho inaruhusu nini kwa mmiliki mpya asiyeishi hapo, na ajibiwe kwa maandishi.

MamaNeema_PHX

Nimeingia kwa msajili sasa hivi. Masharti ya 1994 yapo kimya kuhusu muda, ila kuna marekebisho ya 2019 yanayosema siku 30.

Wakili_Mtaa

Hayo ya 2019 ndiyo ya kupeleka kwa wakili wa mali zisizohamishika, pamoja na ya 1994, ukiwa bado ndani ya siku za ukaguzi. Kalway inaweza kukusaidia, lakini hiyo ni kesi ya kufungua na kulipia, na HOA inaweza kukutoza faini wakati ikiendelea. Kama hesabu yako inategemea usiku wa dola 900 kuanzia mwezi wa kwanza, nyumba hii iache.