Naomba ushauri: mke wangu mjamzito hataki harufu yangu

Habari za humu wakuu. Mke wangu ana mimba ya wiki 9. Jirani wa nyumba ya tatu akikaanga dagaa, huyu wangu anatapika. Sasa zamu yangu imefika: sabuni ninayoogea miaka yote anadai inanuka mafuta ya taa, nimehamia sebuleni. Nesi wa kliniki anasema huenda ni homoni. Estrojeni inapanda, na ile ya mimba inayoonekana kwenye kipimo cha mkojo hufika kileleni kati ya wiki ya 8 na 11. Sawa, nimeelewa, ila kochi ni fupi jamani! Mliopitia haya, mlikuwa mnapika nini? Tangawizi inamsaidia asubuhi tu. Na sabuni isiyo na harufu kabisa inapatikana?