MREJESHO: Nilivyojitambulisha kwa wafanyakazi wa hospitali, Iringa

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri: nimepewa kitengo cha TEHAMA kwenye hospitali moja hapa Iringa, na wafanyakazi wanaamini nimeletwa kuwapunguza. Asanteni sana.

Projekta niliiacha kama mlivyosema. Kikao cha saa moja na nusu asubuhi, baridi yetu mnaijua, nikasimama na salamu ya Kihehe: "Kamwene!" Wakacheka, wakaitikia. Nikaongea dakika tano tu, kisha nikauliza kinachowakera. Muuguzi mmoja akajibu papo hapo: "Nywila. Tunatumia moja wodi nzima, tumeibandika kwenye kompyuta." Nilipopita wodini nikaikuta kweli, imegandishwa kwa plasta ya vidonda! Sasa kila mtu ana yake.

Huko kupita wodini ndiko kulikozaa zaidi. Mapokezi siku hizi wananipigia wenyewe.

Nilipochemka: zamu ya usiku niliwasahau kabisa, wakanijua kwa uvumi, na bado wananinunia. Halafu niliahidi printa ya famasi ndani ya wiki. Manunuzi wanasema nisubiri. Mkuu uliyenionya nisitaje tarehe, nimekuelewa. Leo usiku naenda kwa hao wa zamu na chupa ya chai.