Mrejesho: Kura ya mtoto wa ami yangu

Assalamu alaykum. Niliwauliza kama mtoto wa ami yangu, mzaliwa wa Wete na sasa raia wa Marekani, aliyebadili jinsia, angezuiwa kupiga kura kwa kuwa kitambulisho chake kina jina na picha ya zamani.

Alhamdulillahi, amepiga. Mlishauri ahakikishe jina la kwenye daftari la wapiga kura ni lile lile la kitambulisho. Ahsanteni sana, hilo ndilo lililomvusha. Karani aliitazama picha, akamtazama usoni, akamwita mwenzake. Mtoto wa ami yangu akawaeleza kwa utulivu kuwa herufi ya jinsia si sharti la kupiga kura. Lau wangekataa, sheria ya shirikisho ya 2002 inampa haki ya kura ya muda, ihakikiwe baadaye.

Inaniuma kwamba aliogopa hata kwenda. Akishabadilisha jina mahakamani, atarekebisha na daftarini.