Mrejesho: Kompyuta iliyokataa kuwaka bila flashi

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kompyuta ya dadangu hapa Umoja, Nairobi, niliyoiwekea Debian (mfumo endeshi wa Linux), inawaka tu flashi ikiwa imechomekwa; ukiitoa, skrini nyeusi.

Aliyesema butiloda (programu ndogo inayoanzisha mfumo) imeandikwa kwenye flashi badala ya diski alilenga penyewe. Niliiwasha kompyuta flashi ikiwa ndani, nikaandika lsblk, amri inayoorodhesha diski na ukubwa wake. Hapo ndipo macho yalifunguka: sda ni 7.5G, yaani flashi; sdb ni 465.8G, yaani diski ya ndani. Mimi wakati wote nilidhani sda lazima iwe diski ya ndani! Majina hayo hufuata jinsi mashine inavyozitambua diski, kwa hivyo angalieni ukubwa kwanza.

Kisha, kama rut (mtumiaji mwenye mamlaka yote), nikaandika amri za kuweka GRUB, yaani hiyo butiloda, kwenye diski ya ndani:

grub-install /dev/sdb
update-grub

Ni sdb yenyewe, si sdb1, kwa kuwa mashine hii ni ya zamani, inayowaka kwa BIOS (programu ya awali ya kuwasha mashine), na msimbo wa kuanzia hukaa mwanzoni mwa diski nzima. Yenye UEFI, mrithi wa BIOS, ina njia yake.

Nikazima, nikachomoa flashi, nikabonyeza swichi. Menyu ya GRUB ikatokea! Dadangu alishaanza kuhesabu pesa za fundi wa barabara ya Luthuli. Faili zake zote zipo salama.